Gari la Mama Upendo Lilivyotetemeka Mara Tatu

Nimeacha kazi kwa hiari yangu. Naliweka hilo mbele kwa sababu hapa Karatu wapo wanaosema nimechoka, na wapo wanaosema macho yamekwisha. Macho yangu mazima, nasoma namba ya gari likiwa bado mbali kule linakoanzia kupunguza mwendo. Kilichokwisha ni magoti. Miaka thelathini na mbili nimepiga magoti kwenye kokoto, na wala sikuwa nasali. Sasa gereji nimewaachia ninyi vijana wangu, nanyi mmenisumbua niandike ninayoyajua kuhusu breki, hasa lile jambo linalowatoa jasho kila wiki: mteja amefungiwa breki mpya, anaondoka anacheka, anarudi amenuna, gari linatetemeka kila akikanyaga. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mtu wa darasa la saba. Atakayetaka kusahihisha asahihishe herufi tu. Breki aniachie mimi.

Nilishuka Karatu kutoka upande wa Mbulu nikiwa na miaka ishirini na tatu, nimevaa katambuga, vile viatu vya tairi, kwa hiyo nilikuwa na uhusiano na matairi hata kabla ya kuajiriwa. Aliyenipokea ni Mzee Hamza, fundi wa Tanga aliyefuata malori mpaka huku kwenye baridi, akaoa, hakurudi tena. Gereji yake ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na ukikaa pale siku nzima ulirudi nyumbani nusu mweusi wa oili, nusu mweupe wa unga. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa spana. Nilipewa brashi ya waya na beseni la petroli, nikaambiwa nisafishe nati. Siku ya pili nati. Wiki ya tatu nikamuuliza kama iko siku nitaligusa gari. Akasema gari gani, na nati yenyewe bado hujaijua.

Nilikasirika, lakini nilikaa. Wenzangu wawili walioanza nami waliondoka. Mmoja leo anauza vitunguu na mwingine ni mheshimiwa diwani, na wote wawili magari yao yakiharibika huja kwangu.

Mzee Hamza alikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze sasa, maana habari yote inayofuata imekaa juu yake. Diski ya breki haining'inii hewani. Inavaliwa juu ya habu, kile kitako cha chuma kinachozunguka na tairi. Kabla ya kuvalisha diski, Mzee Hamza alichovya vidole viwili kwenye kopo la grisi akapaka uso mzima wa habu, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta asubuhi ya Krismasi. Sababu alinieleza. Kule kwao chumvi ya bahari inakula chuma, na diski ikishagandana na habu utaipiga nyundo mpaka majirani wahame. Ukipaka grisi, siku ya kuitoa inatoka yenyewe. Nikaishika hiyo. Alipofariki nikabaki na vyombo vyake na wateja wake na kopo lake, nikaendelea kupaka gari baada ya gari, na ninyi nikawafundisha mpake.

Kuhusu mtetemo wenyewe, alinifundisha nisianze chini ya gari. Kaa kwenye kiti, endesha, kanyaga breki, halafu sikiliza mwili wako. Mikono ikitetemeka kwenye usukani, tatizo liko mbele. Makalio yakitetemeka kwenye kiti na usukani umetulia, liko nyuma. Kama nyuma kuna dramu badala ya diski, tafuta barabara tupu, mwendo mdogo, vuta breki ya mkono pole pole. Likitetemeka hapo umemkamata mwizi, ni dramu. Pedali ikikusukuma mguu, inapanda inashuka, basi kuna diski au dramu ambayo haiko sawa pande zote. Na kama gari linatetemeka hata bila kukanyaga, acha breki zipumzike, nenda kaangalie matairi na rimu.

La kwangu mwenyewe nililoongeza ni hili. Breki mpya zinauma kwa nguvu kuliko zile za zamani. Bushi ya mpira iliyochoka au beringi iliyolegea ilikuwa imenyamaza kwa sababu breki za zamani zilikuwa zinabembeleza tu. Ukifunga mpya, uchovu wote wa mbele unaanza kusema, na fundi mjinga anazilaumu breki. Alikuja mkulima wa Baray na pikapu yake ya vitunguu, amebadilishiwa diski kwenye gereji mbili tofauti na bado usukani unacheza. Nikainua tairi kwa jeki, nikalishika juu na chini, nikalitikisa. Beringi ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Kazi yote haikuzidi muda wa kunywa chai. Yule mkulima alinitangaza kule kwao mpaka ikawa nikipita watu wananiita Daktari. Sikuwakataza.

Ndivyo jina langu lilivyokua, na jina likikua katika kazi yetu linakuletea kazi ya pili ambayo hakuna anayekuambia mwanzoni. Mnajua desturi ya hapa. Tajiri mwenye gari na dereva wake wakibishana kitu gani kimeharibu gari, hawaendi polisi wala kanisani. Wanakuja kwa fundi. Tajiri anauliza, ni gari au ni mtu? Fundi akishajibu, basi, limekwisha. Dereva anabaki au anakabidhi ufunguo. Mimi neno langu lilikuwa linachukuliwa kuanzia Rhotia mpaka kwenye geti la hifadhi, na nilikuwa nalitoa kwa haraka, maana mtu anayejua hana haja ya kufikiri sana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nadhani.

Mama Upendo ana magari matano ya utalii. Ni mwanamke mkavu, hana maneno mengi, akilipenda gari hulijua kwa mlio. Mojawapo alikuwa analiendesha Saning'o, kijana wa Kimasai wa Piyaya. Baba yake aliuza mitamba ili asome uongozaji wa wageni, na katika boma lao yeye alikuwa wa kwanza kushika usukani kama kazi. Mwanzo wa kiangazi nililifungia gari lake diski mpya za mbele na pedi mpya za kuzibana. Likatoka hapa linasimama kama limeambiwa. Baada ya wiki tano likarudi, usukani unatetemeka.

Nikatoa tairi, nikaangalia. Diski ilikuwa imelika vibaya, upande mmoja nyembamba kuliko mwingine. Nikamuuliza Saning'o anaosha wapi gari. Akasema palepale wanapoosha wote. Hapo nikaona nimemaliza kesi. Madereva wetu wote wanapanda kutoka kreta, wanateremka ule mteremko mrefu kuja Karatu, breki zinanukia kama pasi iliyosahaulika juu ya shati, halafu moja kwa moja kwenye mashine ya maji ya presha kwa sababu kesho wageni wanataka gari linang'aa. Chuma cha moto, maji ya baridi. Hilo ni kosa kweli, na hata leo nikimwona dereva analifanya namfokea. Nikamwambia Mama Upendo, ni kuosha. Nikafunga diski nyingine.

Saning'o alisikia. Kuanzia siku ile akifika mjini alikuwa anaegesha, anakunywa chai vikombe viwili, anasubiri magurudumu yapoe mpaka anaweza kuyagusa, ndipo anakwenda kuosha. Madereva wenzake walimcheka. Baada ya wiki tano likaanza tena. Nilikuwepo siku waliyomzunguka hapa uani, mmoja akamwambia gari lake limejiunga na morani, ndiyo maana linaruka. Saning'o akamjibu kuwa linaruka vizuri kuliko yeye anavyoendesha, na wote wakacheka, lakini yeye hakucheka kwa macho.

Mama Upendo akaniita pembeni.

"Fundi, mara ya pili hii. Niambie. Ni gari au ni mtu?"

Diski mpya, pedi mpya, kazi yangu mwenyewe. Ningesema nini? Nilimwambia ni mtu. Nilisema kijana analalia breki kwenye mteremko, hatumii gia, anachoma diski. Sikuwa nimepanda naye hata siku moja. Mama akatikisa kichwa, akasema lifungiwe diski mara ya tatu, na zikitetemeka tena kijana arudi kwao.

Zilitetemeka tena. Nikasikia Mama amekwisha kupata dereva mwingine wa kuanza Jumatatu. Sikuona vibaya. Fundi anatoa neno, tajiri anachukua hatua, dunia inaendelea.

Alhamisi yake Saning'o akaja gereji. Nilidhani amekuja kugomba, nikajiandaa, maana mimi kugombwa sipendi na kugomba naweza. Akanisalimia vizuri, akasema hana neno na Mama, kesho kutwa atakabidhi ufunguo. Anaomba kitu kimoja tu: nipande naye mpaka getini, turudi pamoja, nikae kiti cha mbele nimwangalie. Nikataka kusema nina kazi. Lakini mafundi wote walikuwa wameacha kazi wananiangalia, ninyi baadhi yenu mlikuwepo, na mtu mwenye jina hawezi kukimbia kiti cha abiria. Nikavua ovaroli, nikapanda.

Tukafika getini, tukageuza. Kurudi, pale mteremko unapoanza, nikakaza macho kwenye mguu wake. Nasema ukweli kwa kuwa nimeamua kuusema wote: sijaona dereva anayeteremka vile. Gia ya pili, injini inashikilia gari. Anakanyaga kwa muda mfupi, anaachia, anasubiri, anakanyaga. Diski haikupata nafasi ya kuchomwa. Nilitafuta kosa mpaka nikachoka. Tulipofika tambarare nikamwambia akanyage kwa nguvu kidogo, na usukani ukaanza kucheza mikononi mwake, dung, dung, dung, mapigo yanafuatana na mzunguko wa tairi. Makalio yangu yalikuwa yametulia. Mbele.

Akaegesha pembeni, akazima injini.

"Fundi," alisema, "kwetu ng'ombe akichechemea tunamlaza, tunaangalia kwato. Wewe mara tatu umeniangalia mimi. Kwato umeangalia lini?"

"Nimebadilisha diski mara tatu."

"Diski ni kiatu. Mimi nimeuliza kwato."

Kijana wa miaka ishirini na saba, amekulia nyuma ya mifugo, ameniuliza swali ambalo Mzee Hamza angeniuliza. Nikamwambia twende gereji.

Nina saa ya kupimia, mnaijua, ile ndogo yenye mshale na mguu wa sumaku, nimeifunga kwenye kitambaa cha flana. Niliinunua Arusha kwa fundi mmoja Mhindi aliyekuwa anafunga duka. Kwa miaka mingi niliitoa kuwaonyesha wateja, kwa sababu nilikuwa naamini kidole changu kuliko mshale. Siku ile niliifungua ifanye kazi. Nikatoa tairi la mbele kushoto, nikaibana diski kwa nati, nikasimamisha ncha ya saa juu ya uso wa diski, nikaizungusha kwa mkono. Mshale ukaenda, ukarudi, ukaenda. Diski ilikuwa inayumba.

Hapa ndipo mnatakiwa mwandike. Diski ikiyumba, usikimbilie kusema diski mbovu. Weka alama ya chaki pale inapoyumba zaidi, kwenye diski na kwenye habu. Itoe, izungushe tundu moja au mawili, irudishe, pima tena. Alama ya kuyumba ikihama pamoja na diski, diski ndiyo mbovu. Ikibaki na habu, unamsingizia asiye na kosa.

Nikaizungusha matundu mawili. Nikapima. Kuyumba kukabaki palepale, na habu.

Nikaivua diski, nikaleta tochi. Uso wa habu ulikuwa mwekundu. Nikapitisha bisibisi, kikabanduka kipande kama gaga la kidonda, kigumu, cha rangi ya udongo wetu huu. Ilikuwa grisi. Grisi yangu, niliyoipaka kwa vidole vyangu viwili, imeshika vumbi la uani kabla diski haijavalishwa, kiangazi, upepo unavuma, imebanwa na kupata joto la mteremko mpaka ikawa tofali. Na kila nilipofunga diski mpya sikuisugua. Nilipaka nyingine juu yake. Diski ikakaa upande kidogo, unene wa karatasi tu, kwa jicho huoni na siku ya kwanza mteja hasikii. Lakini kila tairi likizunguka diski inagusa pedi mahali pamoja, inalika mahali pamoja, na baada ya wiki tano imeshakuwa nyembamba upande mmoja. Ndipo usukani unaanza kucheza. Ndiyo maana kila mara zilikuwa wiki tano. Hata dereva angekuwa malaika zingekuwa wiki tano.

Mzee Hamza simlaumu. Tanga hakuna vumbi hili, na bahari iko pale inakula chuma. Alikuwa sahihi kwao. Mimi ndiye niliyekaa juu ya udongo mwekundu miaka yote nikafuata dawa ya chumvi.

Nilisugua habu kwa brashi ya waya, kisha msasa, nikaiosha kwa petroli, nikaifuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kulia nako hivyohivyo. Diski mpya, kavu kwenye kavu. Nikasimamisha saa. Mshale ukatulia kama umelala. Saning'o alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, mikono imeshika ncha za shuka aliyojifunga juu ya shati la kazi. Angenigomba ningemshukuru.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa gumu kuliko habu. Ningeweza kumpigia Mama Upendo simu, nikamwambia nimerekebisha, kijana abaki, basi. Angebaki, na watu wangesema amesamehewa. Lakini neno la kwamba anachoma breki lilikuwa limeshatoka kwangu, limeshafika kwa madereva wote wa mji huu, na dereva mwenye neno hilo hapati gari popote kati ya hapa na Arusha. Aliyelitoa ndiye wa kulirudisha.

Jumamosi saa nne asubuhi nikaenda uani kwa Mama Upendo. Nilichagua saa ile kwa kuwa madereva wote huwa pale wanachukua ratiba. Yule dereva mpya naye alikuwepo, amesimama karibu na gari, anaipapasa bodi. Nikafungua karatasi ya gazeti, nikaweka lile gaga jekundu juu ya boneti.

"Mama, uliniuliza ni gari au ni mtu. Nikasema ni mtu. Ni mtu kweli, lakini ni mimi."

Nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa, grisi, vumbi, habu, wiki tano. Nikasema nimepanda na Saning'o, na pale uani hakuna anayeteremka mteremko kama yeye, na asiyekubali ajitokeze, nipande naye Jumatatu. Hakuna aliyejitokeza. Mama Upendo alichukua lile gaga, akalisaga kati ya vidole, akanusa.

"Fundi," akasema taratibu, "ungeniambia ofisini. Hawa watalipeleka mji mzima kabla ya saa sita."

"Ndiyo maana nimekuja wakiwepo."

Akamgeukia yule dereva mpya, akamwomba radhi, akamwambia gari hili lina mtu wake, na kama ataweza kusubiri, kuna jingine linatoka bandarini mwezi ujao. Akaingiza mkono mfukoni, akamtupia Saning'o ufunguo aliokuwa ameukabidhi asubuhi ile.

Nilidhani Saning'o atakuja kunishika mkono. Nilikuwa nimeshaufuta wangu kwenye suruali. Hakuja. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akatoa spana ya matairi, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto nililofunga ile Alhamisi. Mbele ya madereva wote, mbele ya tajiri wake, akaanza kujaribu nati zangu moja moja, kwa kuvuka upande kwa upande kama inavyotakiwa, anasukuma spana kwa uzito wa mwili wake wote. Katika miaka thelathini na mbili hakuna mtu aliyejaribu nati zangu mbele yangu. Mtu mwingine ningemnyang'anya hiyo spana. Nikasimama, mikono nyuma, nikamwacha. Alikuwa na haki.

Alimaliza kushoto, akaenda kulia. Alipomaliza akasimama, akajifuta vumbi magotini, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Zimekaza, Fundi."

Nati kumi na mbili. Haikusogea hata moja. Hilo nalo mliandike.